Boda, tuktuk na noti za konda: mwongozo kamili wa kufumbua mafumbo ya hesabu kwa milinganyo ya pamoja

Jioni moja, kwenye tuisheni yangu ya barazani huku Majengo, Mombasa, niliwapa wanafunzi swali hili: karibu na feri ya Likoni zimeegeshwa boda na tuktuk, jumla 40. Mtu amepita akihesabu magurudumu, akapata 97. Boda ni ngapi na tuktuk ni ngapi?

Wa sekondari wakainamia madaftari, x huku, y kule. Mtoto wa jirani, hata madarasa ya juu ya msingi hajafika, alikuwa amekaa pembeni anakula mabuyu. Akasema, "Mwalimu, tuktuk ni kumi na saba."

Nikamuuliza amejuaje.

"Zote zingekuwa boda, magurudumu yangekuwa themanini. Yamezidi kumi na saba. Na kila tuktuk imezidi boda kwa gurudumu moja. Si ndizo hizo?"

Ndizo. Tuktuk 17, boda 23. Mmoja wa wakubwa akauliza, kwa hasira kidogo, "Sasa x na y za nini, mwalimu?"

Nilimwambia ukweli: kwa swali hili hazina haja. Akili ya yule mtoto ni ya kale sana. Wachina walikuwa na fumbo la aina hiihii zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, la kuku na sungura waliofungiwa pamoja, vichwa 35 na miguu 94. (Kuku 23, sungura 12, ukitaka kuhakikisha.) Lakini badala ya magurudumu weka mchele wa bei mbili, au mashua inayopigana na mkondo, na kichwa kitupu kinaanza kugota. Milinganyo ya pamoja, yaani mistari miwili ya hesabu yenye alama ya sawa inayotimizwa na x na y zilezile, ni njia ileile ya yule mtoto, ila imeandikwa, kwa hiyo haichoki.

Kabla ya kuendelea niseme ninachokiona kila wiki ninaposahihisha. Wanafunzi wengi wanajua kukokotoa. Ukiwapa milinganyo miwili iliyokwisha andikwa, wanaimaliza. Wanapoangukia ni kule juu, kwenye maneno, kabla hata ya alama ya sawa kuandikwa. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye lugha na utapita haraka kwenye hesabu.

Kwanza: isimulie upya

Mtihani wa hesabu wa sekondari nchini kwetu huandikwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tunaishi kwa Kiswahili. Usianze kuandika herufi ukiwa bado unatafsiri. Funika swali kwa mkono, ulisimulie kwa Kiswahili kama unamhadithia bibi yako: kuna nini, kimetokea nini, wanataka kujua nini. Ukikwama katikati ya hadithi, basi hapo ndipo hujaelewa. Rudi usome sentensi hiyohiyo tu.

Kisha andika kinachoulizwa, kwa maneno, juu ya ukurasa. Nimewahi kuona mwanafunzi akitafuta bei ya kilo moja bila kosa hata moja, ilhali swali lilitaka bei ya kilo tano.

Pili: herufi ni namba, si kitu

Tuseme tuko kwenye kibanda cha chai Mwembe Tayari. Meza ya kwanza wamekula mahamri 5 na vikombe 2 vya chai, wamelipa shilingi 110. Meza ya pili mahamri 3 na kikombe 1, shilingi 60. Hamri moja ni bei gani, na chai je?

Karibu kila daftari litaanza hivi: "m = mahamri, c = chai." Hapana. Hamri halijumlishwi na chai. Ukifanya hivyo umechovya tu. Kinachojumlishwa ni pesa. Andika sentensi nzima:

m = bei ya hamri moja, kwa shilingi
c = bei ya kikombe kimoja cha chai, kwa shilingi

Inaonekana ni kupoteza wino. Lakini bila mstari huo, 5m utaisoma "mahamri matano", na mahamri matano si shilingi. Ukiwa nao, 5m ni pesa iliyolipiwa mahamri matano, na kila kitu kinakaa sawa:

5m + 2c = 110
3m + c = 60

Sasa njia ya kuingiza. Tafuta herufi iliyosimama peke yake, isiyo na namba mbele yake. Hapa ni c kwenye mstari wa pili. Iweke upande mmoja:

c = 60 − 3m

Ingiza kwenye mstari wa kwanza, ndani ya mabano, usiyaruke hayo mabano:

5m + 2(60 − 3m) = 110
5m + 120 − 6m = 110
−m = −10
m = 10

Basi c = 60 − 30 = 30. Hamri shilingi 10, chai 30. Rudi mezani uhakikishe: mahamri matano ni 50, chai mbili 60, jumla 110. Meza ya pili: 30 na 30, ni 60. Imekubali.

Mabano yale ndiyo yanayowaua watu. Wanazidisha 2 kwa 60 na kumsahau −3m, au wanamchukua bila alama yake ya kutoa.

Tatu: kila upande wa alama ya sawa uwe na kipimo kimoja

Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndiyo nguzo.

Konda wa matatu amefika mwisho wa safari na noti 34 mkononi, za hamsini na za mia. Thamani yake jumla ni shilingi 2,350. Noti za hamsini ni ngapi?

Mwanafunzi ataandika x + y = 2,350. Muulize: x ni nini? "Idadi ya noti za hamsini." Na y? "Idadi ya noti za mia." Ukijumlisha noti na noti unapata nini? "Noti." Na 2,350 ni noti? Atacheka mwenyewe.

Swali kama hili lina hesabu mbili ndani yake: moja inahesabu vipande vya karatasi, nyingine inahesabu pesa. Kila moja ina mstari wake:

Noti: x + y = 34
Shilingi: 50x + 100y = 2,350

Nawashauri waandike neno la kipimo mwanzoni mwa mstari, kama nilivyofanya. Ukishindwa kuandika neno hilo, mlinganyo wako hauna maana bado. Na ukiona mistari yako yote miwili inaanza kwa neno lilelile, hilo si kosa moja kwa moja (kwenye mahamri yote ilikuwa shilingi), ila jiulize kama hujarudia taarifa moja mara mbili.

Tumia njia ya kuondoa. Gawanya mstari wa shilingi kwa 50, namba ziwe nyepesi:

x + 2y = 47
x + y = 34

Toa wa chini kutoka wa juu. x inafutika, inabaki y = 13. Basi x = 21. Noti 21 za hamsini ni 1,050, noti 13 za mia ni 1,300, jumla 2,350.

Angalia tulichofanya. Zote 34 zingekuwa za hamsini, konda angekuwa na 1,700. Pesa zake zimezidi hapo kwa 650, na kila noti ya mia inazidi ya hamsini kwa 50. 650 gawanya kwa 50 ni 13. Ni yule mtoto wa mabuyu tena.

Maneno yanayopinduka

Kuna sentensi ambazo jicho linaziandika kinyume. Mbili nazikuta mara kwa mara.

"Kilo ya papa inazidi kilo ya changu kwa shilingi 200." Wengi huandika p + 200 = c, kwa sababu 200 wameisikia karibu na papa. Dawa ni namba za kubuni: changu akiwa 400, papa atakuwa ngapi? 600. Sasa jaribu: 600 + 200 = 400? Haikubali. Sahihi ni p = c + 200. Anayezidi hukaa peke yake, na aliyezidiwa ndiye anayeongezewa.

"Kwenye steji, kwa kila matatu moja kuna tuktuk sita." Mkono unaandika 6t = m, ukifuata mpangilio wa maneno. Weka namba: matatu 2, tuktuk 12. Je, 6 × 12 = 2? Sahihi ni t = 6m. Kosa hili wanalifanya hata watu wazima waliosoma, kwa hiyo usijione mjinga. Jaribu tu kwa namba kila mara.

Na ujihadhari na "mara tatu zaidi". Mmoja ataelewa mara tatu, mwingine ataelewa mara nne. Ukitunga swali mwenyewe, sema "mara tatu ya", mambo yaishe.

Neno aljebra lenyewe limetoka kwenye "al-jabr" ya Kiarabu, kutoka kitabu cha al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad, cha yapata mwaka 820. Jabr ni kuunga, kama anavyounga mfupa mtaalamu wa viungo: kilichopungua upande mmoja kinarudishiwa. Kinachonifurahisha ni kwamba al-Khwarizmi hakuwa na x wala y. Aliandika yote kwa maneno, na kisichojulikana alikiita "kitu". Sisi tunaanzia herufi, halafu tunashangaa maneno yametupotea.

Umri: sikiliza -li- na -ta-

Kwenye mafumbo ya umri Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza, ukikisikiliza. "Mama ana umri mara tatu ya mwanawe. Miaka 12 ijayo atakuwa na umri mara mbili yake." -ta- inakuambia ongeza, na uongeze kwa wote wawili. Mwana naye anakua!

Tuseme m ni umri wa mama sasa, t umri wa mtoto sasa, kwa miaka.

Sasa: m = 3t
Baada ya miaka 12: m + 12 = 2(t + 12)

Ingiza: 3t + 12 = 2t + 24, kwa hiyo t = 12, m = 36. Baada ya miaka 12 ni 48 na 24. Ukisikia "alikuwa", toa kwa wote wawili. Basi, hakuna zaidi.

Mashua na mkondo

Boti inatoka Tudor kwenda Bandari ya Kale wakati maji yanakupwa. Tuseme ni kilomita 6. Inakwenda na mkondo kwa nusu saa. Inarudi kabla maji hayajageuka, sasa inapambana nayo, inachukua dakika 45. Mwendo wa boti kwenye maji yaliyotulia ni upi, na mkondo una kasi gani?

Kilomita kwa saa ndicho kipimo, kwa hiyo dakika zigeuzwe kwanza. Nusu saa kwa kilomita 6 ni kilomita 12 kwa saa. Dakika 45 ni robo tatu ya saa. 6 gawanya kwa 0.75 ni 8.

Kwenda: b + k = 12
Kurudi: b − k = 8

Jumlisha mistari: 2b = 20, b = 10. Kisha k = 2. Fumbo la mkondo likishapangwa vizuri huisha kwa pumzi moja, ndiyo maana nalipenda.

Jambo moja la saa. Swali likikupa saa ya kuondoka na ya kufika, zigeuze zote au usigeuze hata moja. Ukiandika kuondoka "saa 2" ya Kiswahili na kufika "saa 10" ya Kizungu, safari ya saa mbili imekuwa ya saa nane, na mkondo wako utatoka wa ajabu.

Mchanganyiko wa mchele

Mfanyabiashara wa Kongowea anataka kilo 50 za mchele wa kuuza shilingi 164 kwa kilo, kwa kuchanganya wa 140 na wa 200, bila kupata wala kupoteza. (Bei ni za mfano, sokoni zinabadilika.) Kila aina kilo ngapi?

Wanafunzi wanaingiza 164 moja kwa moja: 140x + 200y = 164. Lakini 164 ni ya kilo moja, na upande wa kushoto ni pesa ya gunia zima. Tumia jedwali dogo la safu tatu: kilo, bei ya kilo, jumla ya pesa. Mchele wa kwanza: x, 140, 140x. Wa pili: y, 200, 200y. Mchanganyiko: 50, 164, 8,200. Safu ya kilo inakupa mlinganyo mmoja, safu ya pesa inakupa wa pili:

x + y = 50
140x + 200y = 8,200

Safu ya katikati haijumlishwi kamwe. Zidisha mstari wa kwanza kwa 140: 140x + 140y = 7,000. Toa: 60y = 1,200, y = 20, x = 30. Na jawabu lina sura ya kuaminika: 164 iko karibu zaidi na 140 kuliko 200, kwa hiyo lazima mchele wa rahisi uwe mwingi. Ingekuwa 20 na 30 kinyume, ungestuka hata kabla ya kukagua.

Milinganyo inapogoma

Siku moja tulikuwa wengi kwenye kibanda kimoja, tukalipa kwa makundi mawili. Kundi la kwanza mahamri 2 na chai 1, shilingi 50. Kundi letu mahamri 4 na chai 2, tukadaiwa 110. Nikajaribu kutafuta bei kwa kidole mezani:

2m + c = 50
4m + 2c = 110

Zidisha wa kwanza kwa 2: 4m + 2c = 100. Kitu kilekile hakiwezi kuwa 100 na 110. Hakuna bei yoyote duniani inayotimiza yote mawili. Maana yake moja kati ya bili zile si ya kweli, na tulipouliza, shilingi kumi zilirudi bila maneno mengi.

Lau tungedaiwa 100, ingekuwa hali nyingine: ukitoa mstari mmoja kutoka mwingine unabaki na 0 = 0. Hapo hakuna kosa, lakini hakuna jawabu moja pia, kwa sababu bili ya pili ni ya kwanza iliyorudiwa. Hamri 10 na chai 30 inakubali; hamri 15 na chai 20 nayo inakubali. Unahitaji meza ya tatu iliyokula kwa uwiano tofauti. Ukichora milinganyo kwenye grafu utaona: jawabu moja ni mistari miwili inayokatana, bili iliyorudiwa ni mistari iliyolaliana, na bili ya uongo ni mistari inayokwenda sambamba bila kukutana. Sioni haja ya kuchora grafu kutafuta majawabu, macho yanakosea; chora kuelewa hali hizi tu.

Kukagua

Kagua kwenye hadithi, si kwenye milinganyo yako. Kama mlinganyo uliuandika vibaya, jawabu litaukubali vizuri sana. Rudi kwenye maneno ya swali: hesabu magurudumu, lipa bili, panda boti. Jiulize pia kama jawabu linaweza kuwepo. Tuktuk 7 na nusu hakuna, mkondo wa −3 ni mkondo uliougeuza mwelekeo, na mtoto hawezi kumzidi mama yake umri.

Manne ya kufanyia kazi, majawabu yako chini.

1. Mvuvi ameuza kilo 12 za changu na pweza. Changu 400 kwa kilo, pweza 500. Amepata 5,300. Kila aina kilo ngapi?
2. Miaka 6 iliyopita kaka alikuwa na umri mara tatu ya mdogo wake. Miaka 6 ijayo atakuwa na mara moja na nusu. Wana miaka mingapi sasa?
3. Namba ina tarakimu mbili zinazofika 11 zikijumlishwa. Ukizigeuza, namba inaongezeka kwa 27. Ni namba gani? (Namba ni 10a + b, si ab.)
4. Konda ana noti 20, za hamsini na za mia, jumla shilingi 2,100. Za mia ni ngapi?

La kwanza: changu 7, pweza 5. La pili: kaka 18, mdogo 10. La tatu: 47. La nne, ukikokotoa utapata noti 22 za mia na −2 za hamsini. Hata noti zote 20 zingekuwa za mia, zisingepita 2,000. Mrudishie konda noti zake ahesabu upya.